Nauli nafuu ya feri: Ni nani hulipa kilichosalia?

FAMILIA inayoishi kusini mwa Uingereza inaweza kuendesha gari hadi bandari ya Dover asubuhi, kuliingiza ndani ya feri, kuvuka bahari kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kula chamcha Calais nchini Ufaransa na kurejea nyumbani usiku huo huo.

Kwa miongo mingi, safari hiyo fupi imekuwa kielelezo cha jinsi ushindani wa kibiashara unavyoweza kumpunguzia raia wa kawaida gharama ya kwenda ng'ambo. Lakini pia imekuwa kielelezo cha madhara yanayozuka nauli inapoteremshwa bila yeyote kuuliza ni nani anayebeba mzigo uliosalia.

Swali hilo lilirejea kwa kishindo mwaka 2022, mamia ya mabaharia walipofutwa kazi kwa siku moja. Mwaka uliofuata, mabunge ya Uingereza na Ufaransa yalipitisha sheria mbili tofauti za kulinda ujira wa wafanyakazi wa feri. Kwa msafiri anayetafuta tiketi ya bei ya chini, na kwa mataifa mengine yanayotegemea vivuko, Kenya ikiwemo, kuna mengi ya kujifunza.

Historia yenyewe ya kuvusha magari katika mlango huo wa bahari ilianza kwa mzozo wa nauli. Katika miaka ya 1920, aliyetaka kwenda Ufaransa na gari lake alilazimika kutumia meli za kampuni ya reli ya Southern Railway. Gari liliinuliwa kwa kreni kama shehena, baada ya petroli kuondolewa katika tangi, na gharama ilikuwa ya kuumiza.

Mnamo 1928 Kapteni Stuart Townsend alikodi meli ndogo ya kubebea makaa ya mawe iliyoitwa Artificer na kuanza kuvusha magari kati ya Dover na Calais kwa bei ya chini. Meli hiyo ilibeba magari 15 na abiria 12 pekee. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuiaibisha kampuni ya reli ili ipunguze nauli, kisha aachie hapo.

Biashara ilinoga na Townsend hakuachia hapo. Kampuni yake ilikua, ikaungana na Thoresen mwaka 1968, na mapema mwaka 1987 ikanunuliwa na P&O. Kwa hivyo, mojawapo ya majina makubwa katika safari za Dover leo lina mizizi katika manung'uniko ya mtu mmoja kuhusu bei ya tiketi.

Je, nauli hiyo hupangwa vipi siku hizi? Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna bei moja. Kampuni za feri huuza nafasi jinsi mashirika ya ndege yanavyouza viti. Feri ikiwa na nafasi nyingi, bei hushuka. Inapokaribia kujaa, bei hupanda. Magari mawili yaliyoegeshwa bega kwa bega katika sitaha moja yanaweza kuwa yamelipiwa nauli zinazotofautiana sana.

Kutokana na mpangilio huo, anayekata tiketi mapema huwa na fursa nzuri kuliko anayefika bandarini na kuomba nafasi. Siku za katikati ya wiki huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi, na safari za usiku au alfajiri huwa nafuu kuliko zile za saa nne asubuhi. Likizo za shule, hasa Julai na Agosti, ndizo ghali zaidi kwa kuwa kila mzazi anataka kusafiri wakati mmoja.

Jambo la pili ni muda wa kukaa ng'ambo. Tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, au ya siku chache, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko ya safari ndefu. Wakati mwingine huwa hata nafuu kuliko tiketi ya kwenda pekee. Sababu ni kwamba kampuni hulenga kuwavutia watu ambao wangebaki nyumbani, bila kuwapunguzia bei wale ambao ni lazima wasafiri.

Hapo ndipo wajanja huingiwa na tamaa ya kununua tiketi ya siku moja kisha wakose kurudi nayo. Masharti ya kampuni nyingi huziruhusu kudai tofauti ya nauli kutoka kwa msafiri wa aina hiyo. Asiyesoma masharti anaweza kujikuta amelipa zaidi ya yule aliyenunua tiketi halali tangu mwanzo.

Tatu, gari lenyewe lina bei yake. Kimo na urefu huhesabiwa. Sanduku la mizigo lililofungwa juu ya paa, baiskeli zilizoning'inizwa nyuma au trela vinaweza kuliingiza gari katika daraja la juu la malipo. Kwa upande mwingine, watu wanne wakijibana katika gari moja na kuchangiana nauli, gharama ya kila mmoja hupungua sana.

Nne ni njia yenyewe. Calais ndiyo maarufu, lakini si bandari pekee. Safari ya Dover hadi Dunkirk huchukua takriban saa mbili na mara nyingine huwa na bei nzuri zaidi. Ile ya Newhaven hadi Dieppe huchukua saa nne, na imedumu kwa sababu serikali ya eneo hilo la Ufaransa hutoa fedha za umma kuitegemeza.

Mfano wa Dieppe wafaa kuzingatiwa. Wakuu wa eneo hilo waliamua kwamba kivuko kina manufaa kwa hoteli, maduka na ajira zao hata kama nauli pekee haitoshi kukiendesha. Uamuzi wao uko wazi: mlipaushuru ndiye anayefidia pengo. Kwingineko pengo hilo hujazwa kimyakimya.

Kwa miaka mingi lilijazwa na maduka ya melini. Pombe, sigara na manukato yaliuzwa bila kutozwa ushuru, na faida yake ikawezesha nauli kuteremshwa. Waingereza wengi walivuka kwa ajili ya kununua tu, wakageuza meli na kurudi bila hata kuitembelea Calais.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Mnamo Mei 6, 1994, Malkia Elizabeth II na Rais François Mitterrand walifungua njia ya reli iliyochimbwa chini ya bahari, yenye urefu wa takriban kilomita 50. Magari yakaanza kuvushwa kwa treni kwa dakika 35. Kisha katikati ya mwaka 1999, uuzaji wa bidhaa zisizotozwa ushuru kwa wasafiri wa ndani ya Umoja wa Ulaya ukakomeshwa.

Kampuni za feri zikawa zimekabwa pande zote mbili. Tayari mwaka 1998 P&O na Stena zilikuwa zimeunganisha shughuli zao za Dover ili kujinusuru. Mnamo 2004 kampuni ndogo ya SpeedFerries ilijitosa kwa kuiga mtindo wa mashirika ya ndege ya bei nafuu, ikivusha magari kati ya Dover na Boulogne. Ilifunga shughuli zake Novemba 2008. Kampuni ya Ufaransa, SeaFrance, ilivunjwa kwa amri ya mahakama Januari 2012.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, wahenga walisema, na wasafiri walifurahia vita hivyo vya bei. Hata hivyo, kila kampuni iliyoporomoka iliacha nyuma mabaharia wasio na kazi, na iliyosalia ilizidi kutafuta mahali pa kupunguza gharama.

Gharama ya meli ina sehemu chache zinazopunguzika. Mafuta hayapunguziki kwa urahisi, ada za bandari huamuliwa na wengine, na meli yenyewe hununuliwa kwa mamilioni ya fedha. Kinachobaki mikononi mwa meneja ni muda ambao meli hukaa bandarini, na watu wanaofanya kazi ndani yake. Historia ya mkondo huo inaonyesha kwamba vyote viwili vimewahi kubanwa kupita kiasi.

Kuhusu muda, ushahidi mkubwa ni mkasa wa meli ya Herald of Free Enterprise, iliyokuwa ya kampuni ile ile iliyoanzishwa na Townsend. Jioni ya Machi 6, 1987, meli hiyo iling'oa nanga katika bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji kuelekea Dover, ikiwa na abiria 459 na wafanyakazi 80. Baadhi ya abiria walikuwa wametumia tiketi za pauni moja zilizotangazwa na gazeti la The Sun.

Malango ya mbele ambayo magari hupitia yalikuwa wazi. Baharia aliyepaswa kuyafunga alikuwa amelala, afisa aliyepaswa kuhakikisha kwamba yamefungwa alikuwa amekwenda zake, na nahodha hakuwa na namna ya kuyaona kutoka alikosimama. Maji yaliingia katika sitaha ya magari na meli ikalala ubavu kwa muda wa takriban sekunde 90. Watu 193 walifariki.

Tiketi ya pauni moja si iliyozamisha meli hiyo. Lakini uchunguzi ulioongozwa na Jaji Barry Sheen ulibaini uzembe kutoka ngazi ya chini hadi juu ya kampuni, pamoja na shinikizo la kuwataka maafisa waondoe meli bandarini haraka. Manahodha walikuwa wameomba mapema wawekewe taa ya kuwaonyesha iwapo malango yamefungwa. Ombi hilo lilipuuzwa na wakuu wao. Haraka haraka haina baraka, na katika bandari ya Zeebrugge ilikosa hata huruma.

Baada ya mkasa huo kanuni za usalama ziliimarishwa kote duniani, na tangu 1998 kampuni za meli za abiria katika safari za kimataifa zimelazimika kufuata mfumo maalumu wa kusimamia usalama. Mwanya wa kupunguza gharama kwa kuharakisha kazi ukazibwa kwa kiasi kikubwa. Ukabaki mwanya wa pili, yaani watu.

Machi 17, 2022, kampuni ya P&O Ferries, inayomilikiwa na DP World ya Dubai, iliwafuta kazi mabaharia 786 bila ilani. Wengi walipashwa habari kupitia ujumbe wa video uliorekodiwa. Mahali pao palichukuliwa na wafanyakazi wa mawakala, wengi wakiwa wametoka mataifa ya mbali.

Wiki moja baadaye, mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, Peter Hebblethwaite, alikiri mbele ya wabunge kwamba sheria ilitaka vyama vya wafanyakazi vishauriwe, na kwamba kampuni iliamua kutofanya hivyo. Alisema wafanyakazi wapya wangelipwa wastani wa pauni 5.50 kwa saa. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini Uingereza kilikuwa pauni 8.91 kwa saa.

Kampuni ilijitetea kwa kusema kuwa ilikuwa ikipata hasara na ingefungwa kabisa, na hivyo kuwatupa nje wafanyakazi wengine wapatao 2,000. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa janga la corona lilikuwa limewaondoa abiria baharini. Lakini iliwaacha wengi wakijiuliza iwapo biashara inayoweza kudumu tu kwa kulipa chini ya kima cha chini ni biashara au ni ruzuku inayotolewa na maskini kwa msafiri.

Jambo lililowashangaza wengi zaidi ni kwamba ujira huo ulikuwa halali. Meli hizo zilisajiliwa katika mataifa mengine kama vile Cyprus na Bahamas, na baharia katika safari ya kimataifa hulindwa na sheria za bendera ya meli yake. Hivyo, mhudumu wa chakula katika mkahawa wa bandarini Dover alilindwa na sheria ya Uingereza, ilhali mwenzake aliyehudumu melini hatua chache kutoka hapo hakulindwa. Mnamo Agosti 2022 idara husika ilitangaza kwamba haingefungua mashtaka ya jinai.

Mwanya huo ndio sheria za mwaka 2023 zilikusudia kuuziba. Ile ya Uingereza, iliyoidhinishwa Machi mwaka huo na kuanza kutekelezwa Desemba 2024, inazihusu meli zinazotia nanga katika bandari za nchi hiyo angalau mara 120 kwa mwaka. Mabaharia wake wanapaswa kulipwa ujira unaolingana na kima cha chini cha Uingereza kwa muda wanaokuwa katika maji ya nchi hiyo.

Sheria ya Ufaransa, ya Julai 2023, ilikwenda mbali zaidi. Mbali na ujira, inataka muda wa baharia kupumzika nchi kavu ulingane na ule aliofanya kazi melini. Sababu yake ni ya kiusalama. Mlango wa bahari wa Dover ni miongoni mwa njia zenye msongamano mkubwa wa meli duniani, na mtu aliyechoka hapaswi kuwa usukanini.

Je, sheria hizo zimeua nauli nafuu? Si kweli. Siku za katikati ya wiki bado zina bei za chini, na ushindani ulipata nguvu mpya Irish Ferries ilipoingia katika safari za Dover na Calais mwaka 2021. Sheria zimeondoa aina moja tu ya unafuu, ule unaotokana na kumpunja baharia, na kuziacha kampuni zishindane kwa ubora wa meli, ratiba na huduma.

Mizigo mipya, hata hivyo, inatokea kwingineko. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya umeanza kuzitoza meli kubwa kwa hewa chafu zinazotoa, na kiwango kinachotozwa kiliongezwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 40 ya hewa hiyo mwaka 2024 hadi asilimia 70 mwaka 2025, na asilimia 100 mwaka 2026. Kwa safari zinazounganisha bandari za Umoja huo na za nje, kama Dover, nusu ya hewa chafu ndiyo huhesabiwa. Gharama hiyo humfikia abiria, iwe imetajwa katika tiketi au imefichwa ndani ya bei.

Isitoshe, kuna mpaka wenyewe. Chini ya makubaliano ya mwaka 2003, maafisa wa Ufaransa hukagua pasipoti ndani ya bandari ya Dover. Uingereza ilipokamilisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2020, ukaguzi ukawa mkali na foleni zikarefuka. Oktoba 12, 2025, mataifa ya Schengen yalianza kusajili alama za vidole na picha za wageni wasio raia wa Umoja huo. Anayekata tiketi ya siku moja ni sharti ahesabu pia saa atakazopoteza katika foleni.

Kujitoa huko kulirejesha uuzaji wa bidhaa zisizotozwa ushuru melini kuanzia Januari 2021, na maduka hayo yakaanza tena kusaidia kubeba nauli. Ila kuna mipaka. Anayerejea Uingereza huruhusiwa lita 42 za bia, lita 18 za mvinyo na sigara 200 pekee. Aprili 2025, serikali ya London iliwapiga marufuku wasafiri kuingia na nyama na bidhaa za maziwa kutoka Umoja wa Ulaya kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo.

Kwa Mkenya anayeishi Uingereza hesabu ni tofauti kabisa. Kibali cha kuishi London hakimfungulii mlango wa Calais. Anahitaji visa ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 hugharimu euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa kati ya miaka sita na 12, mbali na ada za wakala wa kupokea maombi. Mume, mke na watoto wawili wa umri huo hulipa euro 270 kabla ya kuigusa tiketi ya feri. Kwao, kuhangaikia tofauti ndogo ya nauli ya Jumanne na Ijumaa ni sawa na kuziba tundu la panya ilhali mlango uko wazi.

Nyumbani Kenya, funzo la Dover lina uzito wa aina yake. Wiki moja tu kabla ya njia ya reli ya chini ya bahari kufunguliwa, mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafariki. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kinyumenyume kutoka katika feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni na kuzama. Mama na bintiye walipoteza maisha, na miili yao ikaopolewa karibu wiki mbili baadaye.

Likoni, mtembea kwa miguu havushwi kwa nauli, huvuka bure. Huo ni uamuzi wa haki, kwa kuwa kivuko hicho ndicho barabara ya maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa. Lakini safari ya bure si safari isiyo na gharama. Kama ilivyo Dieppe, ni sharti fedha za umma zifike kwa wakati ili kukarabati feri na kuwalipa wanaoziendesha. Zisipofika, pengo litajazwa na uchakavu wa vyombo, na hatimaye na maisha ya abiria.

Afrika Mashariki pia ina sababu ya kuzisoma kwa makini sheria za mwaka 2023. DP World, mmiliki wa P&O Ferries, ilitia saini mnamo Oktoba 2023 mikataba ya kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Uwekezaji kama huo unaweza kuleta ufanisi. Hata hivyo, yaliyotokea Dover yanafundisha kwamba hata taifa lenye mahakama na mabunge makongwe linaweza kugundua mwanya katika sheria zake za kazi baada ya wafanyakazi kuwa wameshafukuzwa. Ni heri mwanya uzibwe kabla ya wino wa mkataba kukauka.

Msafiri hana lawama kwa kutafuta bei nafuu. Anayekubali kuvuka usiku wa manane siku ya Jumanne anaisaidia meli isiende tupu, na unafuu anaopata ni halali yake. Kazi ya kuhakikisha kwamba unafuu huo haukatwi kutoka kwa ujira wa baharia wala kwa usalama wa abiria ni ya serikali. Uingereza ilipata funzo la kwanza kwa vifo 193 na la pili kwa ajira 786. Mataifa mengine hayana haja ya kulipa karo hiyo upya.